Shaba hatanyolewa

Jumapili moja ya Agosti baba mkubwa alitoka Kipushi kuja kula kwetu Lubumbashi, Kongo. Meza tulikuwa tumeitoa nje, chini ya mwembe. Bukari (ugali) ilikuwa bado inafuka moshi, sombe (kisamvu) imeiva vizuri. Upepo wa kiangazi ukapita uani na kuinua kila kitu chepesi. Baba mkubwa akasimamisha mkono, akachomoa unywele mmoja kwenye sombe yake, mweusi nchani na mwekundu shinani, akauinua kwenye mwanga mpaka sote tukauona.

"Mutoto wangu, hii imbwa iko nasikia joto. Leta mashini, tuinyoe."

Shaba, mbwa wetu wa aina ya berger (mbwa mchungaji wa Kijerumani), alikuwa amelala hatua chache kutoka mezani, ulimi nje. Pembeni mwake, juu ya udongo mwekundu, vibonge vya manyoya ya kijivu vilikuwa vinasogea kila upepo ulipopita. Nilimjibu baba mkubwa kwa heshima kwamba ningependa kwanza kujaribu kumchana. Hapo ndipo akasema maneno ambayo yamekaa nami kwa wiki nyingi:

"Imbwa ya kuchana haitalinda lupango."

Lupango kwetu ni ua wa nyumba. Nimeandika makala haya kwa sababu ya sentensi zake zote mbili. Ya kwanza inahusu manyoya. Ya pili, naona sasa, ni nzito zaidi.

## Mgongo wa mbwa wa jirani

Ushauri wa kunyoa si mgeni kwetu. Joto la Septemba likianza, vijana wa saluni huitwa kwenye malango yenye mbwa wa aina ya berger. Wanakuja na mashine ileile inayopita kwenye vichwa vya watu, kazi inaisha upesi, mbwa anatoka amepungua nusu. Kwa siku chache sakafu inakaa safi na kila mtu anaona mnyama amepumua.

Jirani wa ng'ambo ya barabara alimnyolesha wake mwaka jana, joto lilipoanza. Miguu ikaota tena. Shingo pia. Lakini mgongo, kutoka mabegani mpaka mwanzo wa mkia, ulibaki na ngozi iliyokolea weusi na vishungi vichache vya sufi visivyofunika kitu. Mvua zikaja, zikaisha, kiangazi kikaingia, mgongo bado uko vile.

Jirani huyu anampenda mbwa wake. Alitoa pesa yake ili mnyama asiteseke. Ndiyo maana jambo hili limekataa kuniachia usingizi: madhara haya yanatoka kwa watu wenye huruma, si kwa watu wakali.

## Tabaka mbili

Mbwa kama Shaba ana manyoya ya tabaka mbili. Juu kuna nywele ndefu, ngumu, zenye mafuta kidogo. Hizo ndizo zinazopokea jua, mvua na miiba. Chini yake kuna manyoya mafupi, laini, mengi mno, yanayoshika hewa karibu na ngozi. Ni hewa hiyo inayomkinga na baridi ya alfajiri za Juni, zile ambazo sisi wenyewe tunatoka na makoti. Berger wako hivyo, malinwa (mbwa wachungaji wa Ubelgiji) wako hivyo ingawa nywele zao ni fupi, na haski na labrado pia.

Manyoya ya ndani yana umri wake. Yakifa yanaachia ngozi, na mapya yanaota. Shida haipo kwenye kunyonyoka. Shida ni kwamba mengi hayafiki chini: yanakwama katikati ya nywele za juu, yanashindiliana kama pamba ya godoro kuukuu, na hewa haipiti tena.

Kwa hiyo baba mkubwa aliona kweli. Shaba alikuwa anasikia joto.

Ila dawa haikuwa kwenye mashine. Mtu akivua shati anapoa kwa sababu jasho linatoka mwili mzima na upepo unalikausha. Mbwa hajipozi kwa jasho la mgongoni. Tezi za jasho la kumpoza ziko kwenye nyayo, na ni chache. Joto lake kubwa linatoka kwa kuhema, ulimi ukiwa nje na mate yakikauka juu yake. Ukimwondolea nywele za mgongo hujampa njia mpya ya kutoa jasho. Umemwondolea kivuli tu.

Na jua la hapa tunalijua. Lubumbashi iko kwenye nyuzi 11 na zaidi kusini mwa ikweta, mwinuko wake umepita mita 1,200. Mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita karibu kabisa juu ya utosi, na ndio wakati wa joto kali, kabla mvua hazijashika. Ndio wakati huohuo mbwa walionyolewa wanazunguka na ngozi wazi, ngozi ambayo tabaka lake la juu ni jembamba kuliko letu. Inaungua.

Kilichonitia hofu zaidi ni hiki. Nywele za mbwa hawa hazikui bila kusimama kama za kichwani mwetu. Unywele unakua, unasimama, unapumzika muda mrefu, halafu unaachia na mwingine unashika nafasi yake. Wakati wowote ule, sehemu kubwa ya nywele zao iko kwenye mapumziko. Mashine ikipita juu ya ngozi iliyopumzika, mahali pale panaweza kukaa miezi mingi bila kuota, mara nyingine kupita mwaka. Nywele za juu zinachelewa kuliko za ndani, na mbwa anabaki na sufi inayoshika kila vumbi na kila tone la mvua. Madaktari wa mifugo wanaufahamu upara huu unaokuja nyuma ya mashine.

Nilipoelewa hilo, nilitoka nikauangalia tena mgongo wa mbwa wa jirani.

Sisemi kunyoa ni haramu. Daktari akitaka kushona jeraha atanyoa, na atakuwa amefanya vizuri. Manyoya yakisokotana mpaka fundo linavuta ngozi na kuumiza, kata. Ninachokataa ni kumnyoa mbwa mzima, mwenye afya, kwa sababu ya joto na sakafu.

## Msimu ambao haukuja

Maelezo mengi yaliyoandikwa kuhusu berger yanasema ananyonyoka mara mbili kwa mwaka. Vumilia wiki chache, yanasema, kisha utapumzika. Mimi nilingoja mapumziko hayo. Kwa Shaba hayakuja. Kwake kuna kunyonyoka kwa kila siku, halafu kuna miezi ya kuzidi.

Jibu nililipata kwenye mwanga. Berger ni mbwa wa Ujerumani. Max von Stephanitz alianzisha chama chao mwaka 1899, wakiwa mbwa wa kuchunga kondoo katika nchi yenye theluji. Mjini Berlin mchana wa Juni unakaribia saa 17, na wa Desemba haufiki saa 8. Jicho la mbwa linapokea mabadiliko hayo, homoni zinapeleka habari mwilini, na manyoya yanajua lini yaongezeke na lini yaachie. Baridi na joto vinachangia, lakini mwanga ndio unaoongoza.

Hapa kwetu mchana mfupi kabisa, wa Juni, una saa 11 na nusu hivi. Mrefu kabisa, wa Desemba, haufiki saa 13. Tofauti yote haifikii saa moja na nusu. Mwili wa Shaba unangoja habari kubwa, unapata mnong'ono. Kwa hiyo anaachia kidogokidogo mwaka mzima. Mbwa wanaolala ndani, taa zikiwaka mpaka usiku, wanachanganyikiwa zaidi.

Juu ya hayo, Shaba ni jike, na alizaa mwezi wa tano. Majike wengi hunyonyoka kwa wingi wiki au miezi kadhaa baada ya kuzaa, na hata baada ya kupata joto la uzazi bila mimba. Mama yangu aliposikia hivyo alisema hata wanawake wanajua jambo hilo, na mazungumzo yakaishia pale.

Nikaacha kungoja. Kama manyoya hayana msimu, kazi yake nayo haina msimu.

## Au ni ugonjwa?

Kabla ya kushika kitana nilikuwa na shaka nyingine, na ilinisumbua kuliko maneno ya mtu yeyote. Je, kama si kunyonyoka kwa kawaida? Kuna usiku nilitoka na tochi, umeme ukiwa umekatika, nikawa nafunua manyoya ya Shaba mahali hapa na pale kutafuta kitu ambacho sikujua sura yake.

Sasa najua cha kutafuta. Mbwa anayenyonyoka kwa kawaida anajaza ua mzima lakini ngozi yake haionekani: ukifunua nywele unakuta ngozi safi, na manyoya mengine yapo. Ukiona upara, simama. Upara wenye magamba na kujikuna usiku na mchana, hasa kwenye ncha za masikio na viwiko, unaweza kuwa ukurutu, na aina moja ya ukurutu huo inawahamia watu pia. Ukipangusa mgongo juu ya kitambaa cheupe chenye maji na vipunje vyeusi vikageuka vyekundu, hao ni viroboto: ni damu iliyopita matumboni mwao. Nywele zikipungua sawasawa ubavu huu na ule bila kujikuna, mkia ukawa mtupu, mbwa akanenepa na kuwa mzito wa kutembea, huenda ni tezi ya shingoni imelegea kazi, na hilo linapimwa kwa damu.

Mji huu una Kitivo cha Tiba ya Mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Madaktari wapo. Nawaomba wasomaji wangu, kwa moyo wote: msimpake mbwa mafuta ya gari yaliyotumika. Nimeyaona yakipakwa kwa ajili ya ukurutu, na mtu anayeyapaka anaamini anatibu. Mbwa anayalamba. Yanaingia tumboni, yanapita kwenye ngozi, yanaharibu ini na figo, na ukurutu unaendelea kwa sababu haukupata dawa. Dawa za ukurutu siku hizi zinafanya kazi vizuri sana zikitolewa kwa kipimo cha uzito wake.

Ngozi ya Shaba ilikuwa safi. Kazi ikaanza.

## Kazi yenyewe

Tunaifanya saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea, nyuma ya nyumba mahali ambapo upepo haupeleki manyoya jikoni. Mlinzi wetu, mzee ambaye sote tunamwita Papa, anakaa kwenye kigoda akishika kamba. Mimi napiga magoti.

Vifaa ni vichache. Kuna kitana cha chuma chenye meno marefu yaliyoachana, ncha zake za mviringo. Hicho kinashuka mpaka kwenye manyoya ya ndani na kuyavuta. Kuna brosi ya sindano laini kwa kumalizia. Mimi cha kwangu kililetwa na mfanyabiashara anayepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila mara, lakini hata kwenye soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, utapata kitana cha chuma kinachofaa ukitafuta kwa subira. Kijaribu hivi: kipitishe kwenye mkono wako, upande wa ndani, kwa nguvu zilezile utakazotumia. Kikikukwaruza, kitamkwaruza na yeye. Viko pia vifaa vyenye ubao wa meno madogo kama wembe, vinavyosifiwa kwa kutoa manyoya mengi kwa mara moja. Vinatoa kweli, lakini ukivirudisha palepale vinakata na nywele za juu, zile ambazo ndizo tunazozilinda. Mimi sivitumii.

Halafu kuna namna. Watu wengi, nami nimewaona wakifanya hivyo kwa nia njema, wanapitisha brosi juu ya mgongo kutoka shingoni mpaka mkiani. Nywele za juu zinang'aa, chini hakuna kilichoguswa. Inatakiwa ufunue. Mkono wa kushoto unasukuma manyoya juu mpaka ngozi inaonekana kwa mstari mwembamba. Mkono wa kulia unachana kutoka kwenye mstari ule kwenda nje, kufuata yanakolalia, taratibu, bila kukandamiza ngozi. Mstari ukiisha unashusha mwingine chini yake. Ukianzia paja na kupanda, unakwenda na mpangilio, hurudii wala huruki.

Mahali pa kukaa muda mrefu ni nyuma ya mapaja, pale manyoya yanaponing'inia. Nyuma ya masikio. Shingoni chini ya mkanda. Na kwapani, ambapo mafundo hujificha. Fundo halivutwi. Linashikwa shinani kwa vidole ili ngozi isisikie, kisha linafumuliwa kuanzia ncha.

Siku ya kwanza tuliishia kwenye paja moja. Shaba aligeuka akashika kitana kwa meno, si kwa ukali, kwa kuuliza. Tukaacha. Papa alimpa kipande cha samaki, akamwachia kamba. Nilitaka kuendelea, kwa sababu manyoya yalikuwa yanatoka kwa viganja na macho yangu yalikuwa yamelewa kazi. Papa akakataa. Alisema mnyama akumbuke kwamba iliisha vizuri. Nadhani maneno yale yalikuwa na thamani kuliko kila nilichosoma.

Baadaye akaanza kulala ubavu mwenyewe akiona kitana.

Siku hizi ni mara mbili kwa wiki, na kila jioni katika ile miezi ya kuzidi. Hata sasa ndoo inajaa. Ndege wa mwembe wanakuja kuokota.

## Vidole vya Papa

Mageuzi ya kweli kwangu hayakuwa kwenye ndoo. Jioni moja Papa, aliyekuwa anashika mguu wa mbele huku mimi nikichana kifua, akasema taratibu, "Angalia hapa." Katikati ya vidole vya Shaba kulikuwa na kupe, wamekaa kimya, wameshiba. Tukafunua sikio: wengine. Kwa macho hungewaona. Shaba hakuwa anachechemea wala kujikuna.

Kupe wa kahawia wa mbwa analeta homa. Mbwa anakataa chakula, ufizi unapauka, anaweza kutokwa damu puani, na watu wanasema amerogwa au amepewa sumu na wezi. Tuliwatoa kwa kibano, tukiwashika karibu kabisa na ngozi na kuvuta wima, bila mafuta ya taa wala kiberiti, kisha tukapata dawa ya kuwazuia kwa daktari.

Tangu pale nimeelewa kwamba kumchana mbwa ni kumkagua. Mkono unapita kila mahali: unakuta uvimbe ukiwa bado mdogo, mwiba, jeraha chini ya mkanda, ufizi, kucha. Kwenye lupango nyingi za mji huu mbwa anaishi miaka bila mkono kumgusa. Analishwa kwa kusukumiwa sahani. Anapougua hakuna anayeweza kumshika, na daktari akija anakuta mnyama anayepigana na watu wake mwenyewe.

## Maji

Juu ya maji nitapita haraka, kwa sababu maji yenyewe hapa tunayapima kwa madumu. Mbwa wa namna hii hahitaji kuoga mara kwa mara. Akichanwa vizuri, vumbi jekundu linatoka pamoja na manyoya yaliyokufa. Akilazimika kuoga, mchane kwanza, maana fundo likilowa linakaza. Maji ya vuguvugu, sabuni ya mbwa. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali kwa ngozi yake, na hata ile ya kuogea watu haikutengenezwa kwa ngozi ya namna yake. Suuza mpaka maji yatoke meupe.

Kisha umkaushe hadi ndani. Hapa sifanyi haraka: manyoya ya ndani yakibaki na unyevu, hasa masika, ngozi inachemka chini yake na kufanya kidonda chenye majimaji kinachokua kwa saa chache. Kwingine wanatumia mashine ya kupuliza hewa, na inafaa sana, inafukuza hata manyoya yaliyokufa. Kwetu delestaji, yaani ukataji wa umeme kwa zamu, ndiyo inayoamua. Tunamwogesha asubuhi, taulo kuukuu mbili, kivuli chenye upepo, kitana mkononi mpaka vidole vikigusa shina la manyoya visikie ukavu.

## Sahani

Unywele karibu wote ni protini. Mbwa anayekula bukari tupu na ukoko wa sufuria anaotesha manyoya kwa kitu asichopewa. Tena mahindi yana kitu kinachoshikilia zinki tumboni isipite, na mbwa aliyekosa zinki anapata nywele zisizo na uhai na magamba kuzunguka mdomo na macho. Manyoya yake yanatoka mengi kuliko inavyopaswa, na kitana hakitibu njaa.

Sisi si watu wa mifuko ya chakula kutoka ng'ambo. Shaba anakula bukari kidogo iliyochanganywa na dagaa wa kapenta waliolowekwa na kuoshwa chumvi, vichwa vya samaki vilivyochemshwa mpaka mifupa imelegea na kusagwa, maini siku yakipatikana, yai mara mojamoja. Kitunguu hakimo, kinaharibu damu ya mbwa. Mabadiliko ya chakula hayaonekani kesho. Unywele unahitaji wiki nyingi. Lakini huu mwezi, nikifunua mstari pajani, naona manyoya mapya yenye rangi, na magamba madogo ya mwanzo yamekwisha.

## Imbwa ya kuchana

Nirudi kwa sentensi ya pili ya baba mkubwa, kwa sababu nimeizungusha kichwani kuliko ya kwanza.

Hofu yake ina msingi. Watu wa mji huu wameingiliwa usiku. Mbwa kwa wengi ndiye ukuta wa mwisho, na mtu anayehofia usalama wa watoto wake hawezi kuchezea ukuta. Kama kumchana mbwa kungemfanya azoee kila mkono, hata mimi ningefikiri mara mbili kati ya manyoya yake na usingizi wa mama yangu.

Lakini ukali wa mbwa asiyeguswa ni woga. Anambwekea mgeni, mwenye nyumba, mtoto na mbuzi kwa sauti moja, na siku akiogopa vya kutosha anamuuma yeyote aliye karibu. Mara nyingi aliye karibu ni mtoto. Mbwa anayejua mikono ya watu wake anajua pia mkono usio wao. Katika vikosi vya polisi na jeshi vya nchi nyingi, kumchana mbwa na kumkagua ni sehemu ya kazi ya kila siku ya anayemwongoza, na mbwa wale hakuna anayewaita laini.

Nimeangalia hapa nyumbani. Papa anamshika Shaba makucha jioni, na saa sita usiku mtu akigusa bati la ukuta Shaba anasimama kabla ya Papa. Tofauti ninayoiona ni kwamba sasa Papa akisema "Tosha," anatosha.

Baba mkubwa hajabadilisha mawazo, na simdai abadilishe. Amelea mbwa wengi na watoto wengi zaidi. Nimemwomba tu kwamba suala la mashine liishe, naye amesema mbwa ni wako.

Jirani ndiye aliyevuka barabara kuja kuuliza. Tulisimama langoni kwake tukiuangalia ule mgongo. Nilimwambia ninachofahamu: kivuli mchana kutwa, matembezi kabla jua halijapanda, samaki kwenye bukari, mashine isirudi tena. Kitana kipite mahali penye manyoya tu. Pale penye ngozi wazi mkono unatosha. Ameanza. Lakini miezi ni mingi mno kwa mimi kuilaumu mashine peke yake, kwa hiyo Jumamosi tunakwenda naye kwa daktari atoe damu aangalie ile tezi. Kama kuna kitu kingine kinachozuia manyoya yasirudi, tunataka kukijua kabla ya Oktoba.